Nguvu Zipunguapo

Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni
Somo: Yohana 3:22–30

Neno la leo ni la watu wote, lakini nimeliandaa kwanza kwa ajili ya mtu yule ambaye nguvu zake si zile za zamani. Basi wewe uliyekuwa karibu kuifunga redio kwa kudhani kwamba mahubiri siku hizi ni ya vijana, ngoja kidogo. Leo ni zamu yako.

Somo letu latoka katika Injili ya Yohana, mlango wa 3, kuanzia aya ya 22 hadi ya 30. Hapo twamkuta Yohana Mbatizaji wakati ule watu walipoanza kumwacha na kumwendea Yesu. Wanafunzi wake walimjia na malalamiko. Walimwambia kwamba yule aliyekuwa pamoja naye ng'ambo ya Yordani sasa anabatiza, na watu wote wanamwendea. Bila shaka walitaraji mwalimu wao aone uchungu. Lakini Yohana aliwajibu kwamba furaha yake imetimia, na kwamba imempasa Yesu kuzidi na yeye mwenyewe kupungua.

Neno hilo "kupungua" ndilo nitakalolizungumzia. Ni neno tusilolipenda. Mvua ikipungua twasikitika. Maziwa ya ng'ombe yakipungua twamwita daktari wa mifugo. Washirika wakipungua kanisani wazee huitisha mkutano. Na mwili ukipungua nguvu, wengine wetu hukata tamaa na kusema, "Mimi sasa ni mtu wa kuketi tu, kazi yangu imekwisha." Ili tulifikiri vema jambo hili, nataka kuwaeleza juu ya chombo kimoja ambacho wengine wamekiita mchezo na wengine wamekiita chombo cha elimu. Ni chombo kinachochora maua na nakshi bila mkono wa mtu kuongoza kalamu.

Kila fundi wa kujenga analo timazi, yaani uzito mdogo uliofungwa kwenye uzi. Nabii Amosi alionyeshwa timazi katika maono, nanyi mwaweza kusoma habari hiyo katika mlango wa 7 wa kitabu chake. Fundi hutaka timazi litulie, ndipo ajue kama ukuta umesimama wima. Lakini ukilivuta kando na kuliachilia, litakwenda upande huu na kurudi upande ule, tena na tena, mpaka lichoke. Uzito unaobembea hivyo, kama ule ulio ndani ya saa kubwa za ukutani, huitwa pendula.

Watu wa elimu wameitazama pendula kwa muda mrefu. Viviani, aliyekuwa mwanafunzi wa Galileo, alisimulia kwamba mwalimu wake alipokuwa kijana aliitazama taa iliyoning'inia ikibembea katika kanisa kuu la mji wa Pisa, nchi ya Italia, akaupima mwendo wake kwa mapigo ya mshipa wa mkono wake. Taa ilipobembea kwa upana, na ilipobembea kidogo tu, kwenda na kurudi kulichukua muda ule ule. Mwaka wa 1656 Mholanzi mmoja, Christiaan Huygens, aliitumia kanuni hiyo kutengeneza saa ya pendula. Ni kweli kwamba mbembeo mpana sana huchelewa kidogo. Lakini mibembeo ya kadiri, hata izidi kuwa midogo, huushika muda wake.

Tena kuna jambo la pili. Uzito wa kile kilichofungwa hauubadilishi mwendo. Funga jiwe dogo au funga jiwe kubwa, mwendo ni mamoja. Linaloamua ni urefu wa uzi. Uzi wa mita 1 huchukua karibu sekunde 2 kwenda na kurudi. Uzi wa sentimita 25 huchukua karibu sekunde 1. Ukitaka mwendo uwe wa polepole mara mbili, sharti uzi uwe mrefu mara nne. Naomba muyaweke mambo hayo mawili moyoni, kwa maana tutayarudia.

Pendula moja ikivutwa na kuachiliwa huchora mstari wa kwenda na kurudi, basi. Lakini mwaka wa 1815, huko Salem katika jimbo la Massachusetts, Marekani, Nathaniel Bowditch alichunguza njia apitayo uzito unaoweza kubembea pande mbili kwa wakati mmoja. Bowditch alikuwa mtu wa bahari na wa hesabu, naye alikuwa amewaandikia mabaharia kitabu cha kuongoza merikebu. Mwaka wa 1844 Hugh Blackburn, kijana wa Kiskoti aliyekuwa masomoni Cambridge, alitengeneza pendula ya namna hiyo ambayo hata leo huitwa kwa jina lake. Baadaye alikuwa profesa wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Glasgow, tangu 1849 hadi 1879. Naye Mfaransa Jules Lissajous, mwaka wa 1857, aliyaonyesha maumbo kama hayo kwa nuru. Alitumia vioo vidogo vilivyoshikamana na vyuma vyenye umbo la uma, vile vitoavyo noti moja ya muziki vikigongwa. Nuru ilipopiga kioo cha kwanza na kurukia cha pili, ilichora nakshi ukutani.

Kutokana na uchunguzi wa namna hiyo kilitokea chombo kiitwacho harmonografu. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 kilipendwa sana katika nyumba za watu wa Uingereza. Kukieleza si vigumu. Pana meza, na pendula mbili zenye uzito zinaning'inia chini yake. Moja hubembea kutoka kaskazini kwenda kusini, tuseme, na nyingine kutoka mashariki kwenda magharibi. Fimbo nyembamba kutoka pendula zote mbili huja kukutana kwenye kalamu moja, na chini ya kalamu pana karatasi. Katika vyombo vingine, pendula moja hushika kalamu na ya pili hubeba karatasi yenyewe. Mwenye chombo huzivuta pendula, huziachilia, hushusha kalamu taratibu, kisha huondoa mkono. Hapo kazi yake imekwisha. Kwa dakika kadhaa yeye na wageni wake husimama kimya wakitazama ua likijichora.

Umbo la ua hutegemea jinsi miendo ya pendula mbili inavyopatana. Zikiwa na mwendo mmoja, hupata duara au umbo la yai. Moja ikienda mara mbili wakati nyingine inaenda mara moja, huweza kupata umbo la tarakimu ya 8. Moja ikienda mara tatu wakati nyingine inaenda mara mbili, hupata nakshi iliyosukwa kwa uzuri zaidi. Ninyi waimbaji wa kwaya mnaosoma do-re-mi, sikilizeni: mbili kwa moja ndiyo hesabu ya mitetemo kati ya do ya chini na do ya juu. Tatu kwa mbili ndiyo hesabu iliyo kati ya do na so. Ndiyo maana chombo kikapewa jina lenye asili moja na neno "harmoni." Kile ambacho sikio hukisikia kuwa kinapatana, jicho hukiona kuwa kizuri.

Walimu wa Shule ya Jumapili wanaweza kuwaonyesha watoto jambo hili bila gharama. Funga kamba kwenye matawi mawili, au kwenye boriti kwa misumari miwili, ilegee katikati kama herufi V. Pale chini inapokutana, piga fundo, kisha ning'iniza kamba nyingine, umbo lote liwe kama herufi Y. Mwisho wa kamba funga mkebe mtupu uliotobolewa tundu dogo chini, ujaze mchanga mkavu uliochekechwa. Ikiwa kutoka usawa wa ile misumari hadi katikati ya mkebe ni sentimita 180, na kutoka fundo hadi katikati ya mkebe ni sentimita 80, utapata ile tatu kwa mbili. Tandika gunia au karatasi kubwa chini, uvute mkebe kimshazari, uuachilie. Watoto watapiga makofi.

Sasa, ndugu zangu, nataka mtazame kwa makini mchoro unapofanyika. Mzunguko wa kwanza ni mpana, unafika karibu na ukingo wa karatasi. Mzunguko wa pili unafuata njia ile ile, ila umeingia ndani kidogo. Kwa nini? Kwa sababu hewa inaizuia pendula, na pale inaponing'inia pana msuguano, na kalamu nayo inakwaruza karatasi. Kila mara nguvu kidogo zimepotea. Mzunguko wa tatu uko ndani ya wa pili, na wa nne ndani ya wa tatu, kama safu za uzi katika kiondo, hata kalamu ifike katikati na kutulia.

Je, kama nguvu zisingepotea? Watu wengi hudhani kwamba hapo mchoro ungekuwa mzuri zaidi. Kinyume chake ndicho kweli. Pendula zilizopimwa sawasawa, kama hazikupungua nguvu, zingechora mstari mmoja tu. Kalamu ingepita juu ya mstari ule ule mara mia, mpaka wino urowanishe karatasi na karatasi itoboke. Mwaka wa 1965 Mwingereza Denys Fisher alitoa mchezo mwingine wa kuchora uitwao Spirograph, unaotumia magurudumu ya plastiki yenye meno badala ya pendula. Ni mchezo mzuri, na watoto wengi wameufurahia. Lakini meno ya gurudumu hayapungui. Kalamu huzunguka hata irudi pale ilipoanzia, na ukiendelea kuzungusha huongezi chochote, warudia tu. Katika harmonografu hakuna kurudia. Zile nyuzi nyingi nyembamba zinazolifanya ua livutie, kila moja imepata nafasi yake kwa sababu pendula ilikuwa imepungua kidogo kuliko dakika iliyopita.

Ndugu yangu uliyestaafu, dada yangu ambaye miguu haikubebi tena hadi kanisani, mimi sisemi kwamba kupungua hakuumi. Kunauma. Aliyekuwa akilima ekari nzima kwa mkono wake, sasa anaomba kijana amfungulie mlango wa choo. Mtunga Zaburi ya 71 alimsihi Mungu asimtupe wakati wa uzee, wakati nguvu zinapomwishia. Kama kupungua kungekuwa jambo jepesi, asingeomba hivyo. Lakini nakuambia kwamba mistari ya sasa, iliyo midogo, si takataka iliyobaki baada ya kazi. Ni sehemu ya kazi. Ulipokuwa na nguvu Mungu alichora kwako mistari mipana. Sasa anachora ile ya ndani. Mtu aliyekuwa akihubiri katika makanisa sita kwa mwezi, na sasa anaweza tu kumwombea mjukuu wake kwa jina kila jioni, asilinganishe mstari na mstari. Ua si mstari wa nje peke yake.

Na hapa tukumbuke lile la Galileo. Upana wa pendula hupungua, lakini muda wake haupungui. Inapobembea upana wa mkono mzima na inapobembea upana wa kidole, hurudi kwa saa yake. Kama muda nao ungebadilika ovyo, ua lingeharibika, mistari ingevurugana kama nywele zisizochanwa. Umbo hudumu kwa sababu pendula dhaifu huushika mwendo ule ule wa pendula yenye nguvu. Sauti ya uzi wa gitaa nayo ni hivyo. Hufifia mpaka usiisikie, lakini noti haigeuki kuwa noti nyingine.

Soma habari za Ana, binti Fanueli, katika Luka mlango wa 2. Alikuwa mwanamke mzee sana, mjane, na Luka anataja miaka 84. Hatuambiwi kwamba alijenga kitu, wala kwamba aliongoza kamati. Twaambiwa kwamba hakuondoka hekaluni, akamtumikia Mungu usiku na mchana kwa kufunga na kuomba. Mbembeo wake ulikuwa mdogo, lakini alishika majira yake. Na siku Yusufu na Mariamu walipomleta mtoto, Ana alikuwepo. Wangapi wenye nguvu katika Yerusalemu siku ile walipita wakienda sokoni, wasijue kilichotokea?

Basi uaminifu hauhitaji nguvu nyingi kama tunavyodhani. Tena, kama tulivyosema, pendula haipimwi kwa uzito wake. Jiwe kubwa halishindi jiwe dogo. Mwendo hutokana na uzi, na uzi hutegemea pale uliponing'inizwa. Isaya mlango wa 22 hutaja msumari uliokazwa mahali imara, na vyombo vya nyumba vyote vikiangikwa hapo, hata vikombe vidogo. Lakini mlango huo huo waonya kwamba msumari nao waweza kung'oka, na vyote vilivyoangikwa vikaanguka pamoja nao. Kwa hiyo jiulize: mimi nimening'inia wapi? Kama nilining'inia kwenye cheo changu, siku ya kustaafu nimeanguka. Kama nilining'inia kwenye afya yangu, daktari akisema neno moja nimeanguka. Aliyening'inia kwa Kristo atapungua kama watu wote wanavyopungua, lakini hataanguka.

Sasa nina neno kwa watu wa aina mbili, na neno hili si tamu.

La kwanza ni kwa yule asiyetaka kupungua. Twamjua mfalme Sauli. Siku wanawake walipotoka wakiimba na kumhesabia Daudi maelfu mengi kuliko yake, Sauli alianza kumwangalia Daudi kwa jicho baya, na kesho yake akamtupia mkuki. Yohana Mbatizaji aliletewa habari ya namna ile ile, kwamba watu wanamwendea mwingine, naye akafurahi. Ndugu mzee wa kanisa, wewe ni nani kati ya hao wawili? Yuko mtu aliyekuwa mwekahazina wa ushirika miaka 20. Macho hayaoni tarakimu vizuri, lakini kitabu cha hesabu hulala nacho chumbani. Kijana aliyesomea kazi hiyo akitajwa, mzee hukohoa, na mkutano huahirishwa. Mtu huyo anafanana na pendula ambayo, ikiwa karibu na katikati, yajisukuma ili ifike tena ukingoni. Ukiigusa pendula baada ya kuiachilia, kalamu huruka, na mstari mmoja mbaya hukata ua zima. Kazi ya miaka mingi huharibiwa hivyo, na ushirika hukumbuka ule mstari mmoja kuliko ile mingine yote. Mpe kijana kitabu. Kaa karibu naye umwonyeshe. Hiyo ndiyo sehemu yako ya ua iliyobaki, nayo ni nzuri.

Neno la pili ni kwa ushirika wenyewe. Namfikiria mama mmoja, na huenda nanyi mnamjua, kwa maana yuko karibu katika kila kanisa. Alifundisha Shule ya Jumapili tangu jengo lilipokuwa la udongo. Wazee wengi wa leo walijifunza kwake wimbo wao wa kwanza. Goti likaanza kuuma, akawa anachelewa, sauti ikawa ndogo. Kamati ikakaa, jina lake likafutwa, na habari akaisikia sokoni. Hakuna aliyemwendea na kusema, "Asante, mama." Hakuna aliyemwuliza, "Ni nini ungependa kufanya sasa?" Wapenzi, huko ni kuinyanyua kalamu kabla ua halijaisha. Kumwondolea mtu mzigo mzito ni upendo. Kumwondoa mtu mwenyewe ni jambo jingine. Mama huyu hawezi kufundisha watoto 60 wenye kelele, lakini anaweza kuketi na walimu vijana jioni moja na kuwaeleza jinsi ya kusimulia habari za Yusufu hata mtoto asisahau. Nani amemwomba?

Hapa ni lazima niseme pia kwamba kila mfano una mpaka wake. Tusiutumie mfano huu kuufunika uovu. Mzee akipungua kwa sababu umri umekwenda, hiyo ni njia ya wanadamu wote. Lakini mzee akikonda kwa sababu watoto wake walio mjini wamemsahau, au kwa sababu malipo yake ya uzeeni yamekaliwa na mtu, tusimwambie, "Vumilia, Mungu anachora." Yakobo, katika mlango wa 5 wa waraka wake, asema kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio hicho humfikia Bwana. Anayesababisha kupungua kwa namna hiyo atajibu.

Tena mfano huu wafika mwisho pale pendula inapotulia. Pendula ikitulia imekwisha, sharti mkono wa mtu uivute upya. Paulo katika Wakorintho wa Pili, mlango wa 4, afundisha kwamba mwili wa nje unachakaa huku mtu wa ndani akifanywa upya kila siku. Pendula haina mtu wa ndani. Sisi tunaye. Na mkono uliotuvuta na kutuachilia mara ya kwanza, Mkristo anaamini kwamba utatushika tena siku ya ufufuo.

Basi wiki hii tufanye mambo matatu. Wewe ambaye nguvu zimepungua, chagua saa moja ya siku, hata kama ni robo saa, uifanye kuwa ya Mungu, na uishike kila siku kama pendula. Usitafute upana. Wewe uliye na cheo ambacho wajua moyoni kwamba muda wake umefika, mwite yule atakayekufuata, ukae naye kabla ya Jumapili. Na wewe kijana, fikiri juu ya mtu mmoja aliyekufundisha imani na ambaye sasa haonekani kanisani. Nenda nyumbani kwake. Usiende tu na sukari na majani chai, ingawa hivyo ni vizuri. Nenda na swali. Mwulize jambo ambalo yeye analijua na wewe hulijui, ukae usikilize mpaka amalize, hata kama atasimulia polepole.

Na tuombe.

Ee Baba yetu, wewe ulitupa nguvu za ujana wetu, na wewe wajua siku kila nguvu itakapokwisha. Twakuomba uwatazame wazee, wagonjwa na waliostaafu wanaotusikiliza saa hii. Uwaondolee aibu ya udhaifu wao. Utufundishe kupungua bila uchungu, kama Yohana alivyopungua, ili Mwana wako aonekane. Uwasamehe wanaong'ang'ania viti, uwasamehe na makanisa yaliyowasahau waliowalea. Utushike katika Kristo, ili mbembeo wetu wa mwisho nao uwe wa majira yake. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, na Mungu awabariki nyote.